Homa ya Babu

Kalamu ilikuwa mezani tangu asubuhi na hakuna aliyeigusa.

Kimya alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya Bosi, mikono juu ya magoti, akiitazama ile kalamu kama mtu anayemtazama nge. Kando ya kalamu palikuwa na karatasi ambayo Bosi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ilisema kwamba yeye, mkataji wa msumeno mkubwa, amekuwa akiichoma injini kwa makusudi, na kwamba kwa ajili hiyo mwenzake amevunjika mguu. Kilichokosekana ni sahihi tu.

"Sisaini," alisema Kimya.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Koplo aingie. Waliompa jina la Kimya hawakumsingizia.

Bosi hakukasirika. Alimwagiza mtunza stoo alete glasi ya maji. "Mpe anywe, mwache afikirie. Ana siku nzima."

Koplo alivua kofia akaibana kwapani. Alikuwa mwanamke mnene, wa mwendo wa taratibu, na kituoni walimbandika jina la Mama Kwanini kwa sababu hajawahi kupewa jibu akalipokea bila kuligeuza kwanza. Mkuu wake alimtuma kwa maneno mepesi: nenda pale kiwanda cha mbao, kuna kijana ameshakiri, kamlete. Sasa alikuwa anamtazama huyo aliyekiri, na mdomo wa kijana ulikuwa umefungwa kama mlango wa duka siku ya msiba.

Aliuliza nani ameandika maelezo yale. Bosi akasema ni yeye, ili kuokoa muda. Koplo akasema muda wake hauna haraka ya kuokolewa, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Habari yenyewe Bosi aliieleza kwa kifupi. Msumeno ule ndio mkubwa kuliko yote kiwandani, bapa lake, lile linalozungukwa na cheni, refu kama mguu wa mtu mzima, na wafanyakazi wanauita Babu. Magogo manene yote hukatwa na Babu. Miezi michache iliyopita alianza kushikwa na joto. Fundi anamtengeneza, anarudi mzima, baada ya siku chache anapata moto tena mpaka injini inagoma. Pistoni imebadilishwa, ikaungua. Ikabadilishwa tena, ikaungua tena. Na juzi Babu alizimika katikati ya gogo, bapa likabanwa. Msaidizi wa Kimya akaingia kupiga kabari ili bapa litoke. Gogo likapasuka lilipotaka lenyewe, likabingirika.

"Huyu aliniomba ninunue msumeno mpya, nikakataa," Bosi alisema. "Basi akaamua kuuchoma huu. Misumeno midogo ipo kibao humu, inafanya kazi kila siku, hakuna hata mmoja unaopata joto. Ni huo wake tu. Unataka ushahidi gani tena?"

Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba Babu ameshatoka kwa fundi na mchana huu anarudi kazini mikononi mwa mkataji mwingine. Lile gogo la juzi bado halijamalizika kukatwa.

Koplo aliinuka hapo hapo.

Nje, kwenye ngazi ya ofisi, mama mmoja alikuwa amekaa na kikapu miguuni. Mlinzi alishamwambia aondoke, akamjibu kwamba ngazi haijalalamika. Alikuwa mama yake Kimya. Na yule aliyevunjika mguu, Koplo aliambiwa sasa, alikuwa mdogo wake huyu mama, mjomba wa kijana, tumbo moja.

"Nasikia wanasema mwanangu amemvunja mguu ndugu yangu," mama alisema. Hakulia. Alisema kama anayesomea watu hesabu. "Mmoja nimembeba mgongoni, mwingine nimemnyonyesha. Nimetoka hospitali sasa hivi. Mtu mzima yule, mguu umening'inizwa kwa kamba, na neno la kwanza ananiuliza, mpwa wake amekula? Afande, kamuulize yeye. Usiniulize mimi, mimi mama, nitasema uongo."

"Utasema uongo?"

"Kwa mwanangu? Bila kupepesa. Ndiyo maana nakwambia usiniulize."

Koplo alimtazama kidogo, akamwambia abaki palepale kwenye ngazi, na mlinzi akaambiwa ngazi ni ya serikali kwa leo.

*

Alimtoa Kimya ofisini akamkalisha juu ya gogo, mbali na masikio. Alimuuliza Babu anaumwaje. Mtu asiyeongea, ukimuuliza habari za kazi yake, huongea. Kimya alieleza kwamba asubuhi mashine inawaka vizuri, inakata vizuri. Halafu sauti inaanza kupanda, inakuwa nyembamba, kama mtoto anayelilia nyonyo. Harufu ya chuma cha moto inatoka. Ukiiachia, inazima. Ikipoa inawaka, lakini nguvu imepungua, na kila ikipoa na kuwaka nguvu inazidi kupungua.

"Mbona siku hiyo hukuacha?"

"Niliacha. Niliipumzisha mara mbili. Msimamizi akaja kuniambia Bosi anauliza kama nalipwa kulala." Alitema vumbi la mbao pembeni. "Nikawasha. Hilo ndilo kosa langu, na hilo nitalisaini. Lile lingine hapana, hata wanilaze ndani."

Koplo aliuliza kama kuna siku yoyote, tangu ugonjwa uanze, Babu alifanya kazi bila homa. Kimya alifikiri. Ipo moja. Siku hiyo waliuchukua msumeno kwa fundi wakachelewa, wenzao walikuwa wameshajaza mafuta zamani na kuondoka. Siku hiyo Babu aliimba mpaka jioni, hakukohoa hata mara moja. Kesho yake, homa ikarudi.

Bosi, alipoulizwa juu ya siku hiyo, alicheka. Alikumbuka vizuri: alikuwa na wageni kiwandani, na kijana alijua anatazamwa, akawa na adabu.

Majibu mawili kwa siku moja. Koplo aliyabeba yote mawili.

*

Karakana ya fundi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, banda la mabati lenye benchi moja ndefu. Fundi alikuwa mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuwa na hasira zake mwenyewe. Maana mashine ikirudi mara ya tatu, anayechekwa ni fundi.

Alimpanulia Koplo ugonjwa wote mezani. Msumeno unapata joto kwa sababu zinazojulikana. Unga wa mbao ukiziba mbavu za silinda, upepo haupiti. Yeye alizisafisha, akapuliza, zikang'aa. Cheni ikiwa butu, mkataji anakandamiza na injini inaumia. Alinoa cheni kwa tupa yake mwenyewe. Ekzosi ikiziba, moto unakosa pa kutokea. Alifungua, akakuta wavu wake mzima. Injini ikinyonya hewa mahali pasipotakiwa, inaungua. Alipima, haivuji. Akimaliza kuutengeneza anaujaribu hapa hapa benchini, kwa mafuta yake, unanguruma mpaka majirani wanamtukana, na hautoi joto la ajabu.

"Kwangu mzima, kule kwao mgonjwa," alisema. "Kama mtoto anayeugua siku za shule."

Wakati akisema hayo alikuwa amechukua chupa yake ya mafuta ya mchanganyiko, petroli na oili, akaitikisa kama mama anayetikisa dawa ya kikohozi, akajaza tangi la Babu kwa majaribio ya mwisho. Koplo alimtazama, akatazama chupa.

Aliomba kuona pistoni iliyoungua. Fundi alimpa. Ilikuwa na michirizi pande zote, imekwaruzika mzunguko mzima. Kama kitu kilichosuguliwa kikavu, alisema fundi. Plagi nayo ilikuwa kavu, nyeupe kama mfupa.

Kisha Koplo alikiona. Kwenye kabureta, skrubu moja ndogo ya shaba ilikuwa na mkwaruzo mpya kichwani. Bisibisi ya fundi ilikaa sawasawa kwenye tundu lake. Iliyokwaruza ilikuwa nyembamba zaidi.

"Wewe umeigusa kwa kingine?"

Fundi alivua miwani. Hapana. Hii mtu mwingine ameigusa.

Bosi alikuwa amewafuata, na sasa alisogea karibu kwa furaha. Kimya alikuwa na bisibisi nyembamba mfukoni, kila mtu kiwandani anajua, huisafishia kucha. Kijana aliitwa. Bisibisi ikatolewa mfukoni, ikawekwa kwenye mkwaruzo. Ikalingana.

"Haya," Bosi alisema. "Tumalize?"

Kimya hakushusha macho. "Niliigeuza mimi. Sikuulizwa; ningeulizwa, ningesema."

"Umegeuza upande gani?" Koplo aliuliza.

"Upande wa kuongeza petroli. Niliona kama ina kiu."

Koplo alimgeukia fundi. Mtu anayetaka kuunguza injini, anageuza skrubu hii wapi? Fundi alisema upande wa kupunguza, bila shaka. Petroli ikipungua moto unazidi. Na sasa hivi imegeuzwa wapi? Fundi aliinama, akapima kwa bisibisi, akahesabu mizunguko kwa midomo. Kuongeza.

"Basi huyu alikuwa anamnywesha mgonjwa maji," Koplo alisema. "Bisibisi mrudishie. Kucha zake chafu."

Bosi alimkumbusha kwamba mkuu wake wa kituo ni rafiki yake, na kwamba simu ipo. Koplo akamwambia mtandao wa simu ofisini unapatikana vizuri zaidi ukisimama karibu na dirisha.

*

Uwanjani wakataji wa misumeno midogo walikuwa wanakata matawi. Moshi wa buluu uliwafunika mpaka kiunoni, na mmoja wao, mzee mwenye jino moja la mbele, alipomwona Koplo anapunga moshi usoni akazima mashine kumpa nafasi ya kupumua.

"Samahani Afande. Hii midogo sasa inavuta sigara. Wajukuu wanavuta, Babu ndiye anakufa kifua."

Wenzake walicheka. Ulikuwa mzaha wao wa kila siku, umeshachakaa. Koplo hakucheka. Aliuliza moshi huo ulianza lini. Yule mzee akasema, aa, mama, kitambo, tangu wakati ule stoo ilipofungwa.

Aliomba plagi ya msumeno mdogo ifunguliwe. Ilitoka nyeusi, imelowa oili, inateleza vidoleni. Wa pili vilevile. Fundi alisema ni kweli, plagi za midogo anazisafisha kila mara, lakini hakuna anayelia kwa sababu ya plagi chafu, unaipangusa, unaendelea.

Koplo alisimama katikati ya uwanja na plagi mbili kiganjani, moja nyeusi inayotiririka oili, nyingine nyeupe kama mfupa. Zimenyweshwa mafuta ya stoo moja. Mmoja ameshiba oili mpaka anatapika, mwingine hajaiona.

"Nipelekeni hiyo stoo."

*

Zamani, alielezwa njiani, wakataji walijichanganyia mafuta wenyewe. Kisha petroli ikaanza kupungua bila maelezo. Bosi akafunga stoo. Akamleta shemeji yake awe mtunza stoo, na kiwanda kizima kikamwita Shemeji mpaka leo. Tangu hapo hakuna mkataji anayeingia. Unaleta msumeno dirishani, unapokelewa, unajazwa ndani, unarudishiwa. Kinachofanyika ndani hakuna anayekiona.

Shemeji alikuwa mtu wa heshima sana, mwenye tabasamu la woga. Alifungua mlango. Ndani palikuwa na baridi na giza kidogo, na kwenye ukuta wa nyuma, juu ya meza ya mbao, dumu kubwa la plastiki jeusi lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye pete ya chuma ukutani. Mnyororo ulikuwa mfupi. Ulitosha kuliinamisha dumu kumimina, basi.

Koplo alimwomba afanye kama anavyofanya kila asubuhi, asiruke kitu. Shemeji alifanya. Petroli ilikuwa imo tayari, imeletwa jana. Alichukua kopo la oili, nzito, ya rangi ya kijani, akapima kwa kikombe kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa ya mtoto, akamimina mdomoni mwa dumu. Akafunga kifuniko. Akapangusa mikono.

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nawajazia, Afande."

"Hulitikisi?"

Shemeji alitazama dumu, akatazama mnyororo, akamtazama Bosi. "Nitalitikisaje?"

"Unaanza na msumeno upi?"

Hapo uso wake ukachangamka, maana hili alilijua vizuri. Anaanza na Babu. Siku ya kwanza kazini wakataji walimwambia Babu ndiye mkubwa, huwezi kuwapakulia wajukuu babu yao ametoa macho. Aliona ni heshima nzuri. Hajawahi kumruka Babu hata siku moja, isipokuwa ile siku aliyochelewa kwa fundi.

"Siku hiyo ulimjazia wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa. Nilimpa yaliyobaki chini. Hata niliona aibu."

Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja.

Koplo aliomba chupa ya maji, ile ya plastiki inayopitisha mwanga. Aliyamwaga maji nje, akaikausha kwa leso, akamwambia fundi aweke petroli, kisha tone nono la ile oili ya kijani. Akaiweka dirishani penye jua, watu wote wakakusanyika. Oili ilishuka taratibu kama asali, ikapita ndani ya petroli bila kuaga, ikalala chini. Juu pakabaki peupe.

Koplo aliinamisha chupa kidogo kidogo juu ya kopo, kama dumu linavyoinamishwa. Kilichotoka kilikuwa cheupe.

"Hiki ndicho kinywaji cha Babu," alisema. Akaendelea kuinamisha. Kijani kikaanza kutoka, kikazidi, mwishoni kikawa kinatoka kizito. "Na hiki ndicho cha wajukuu. Fundi, injini hii ikinywa petroli tupu bila oili?"

"Inajisugua kavu mpaka inakufa." Fundi alikuwa amevua miwani tena. "Na mimi chupa yangu naitikisa. Kila siku naitikisa, wala sijui kama naitikisa."

Shemeji alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi, na ilibidi mtu amshike bega. Alirudia mara kadhaa kwamba alikuwa anampa heshima.

"Mnyororo huu," Koplo aliuliza, "nani aliagiza?"

Bosi alisema petroli ilikuwa inaibwa. Alisema kiwanda ni chake na dumu ni lake. Alisema kama watu wangekuwa waaminifu hakuna ambaye angehitaji mnyororo. Alisema mengi, na kila alilosema lilikuwa jibu la swali jingine.

"Ufunguo," Koplo alisema, akanyoosha mkono.

"Huna ruhusa ya kunifungulia dumu langu."

"Sijasema nitalifungua. Nimesema ufunguo. Na hilo gogo la juzi hakuna atakayeligusa leo, na huo msumeno utalala kwa fundi mpaka mafuta ya dumu hili yachanganywe sawasawa. Ukitaka kumpigia rafiki yako, mwambie nimesema hivyo, neno kwa neno. Asije akakosea jina langu."

Nje ya dirisha wakataji walikuwa wamesimama, misumeno yao midogo mikononi, imezimwa. Yule mzee wa jino moja aliuweka wake chini. Mwingine akauweka. Waliiweka chini, mmoja baada ya mwingine, wakasimama wamekunja mikono, mpaka uwanja ukanyamaza kiasi cha kusikia njiwa juu ya mabati.

Bosi aliutoa ufunguo.

Koplo alimpa Kimya. Kijana alifungua kufuli, akaliinua dumu kutoka mezani, akalikumbatia kifuani, akalitikisa. Alilitikisa kwa nguvu, meno yamekazwa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mafuta yakipiga mawimbi ndani, na hakuna aliyemwambia basi.

*

Ofisini Koplo alitoa karatasi ya Bosi mfukoni, akaigeuza upande mweupe, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake mkubwa: nani alifunga dumu, nani alizuia wakataji wasione mafuta yao yanavyochanganywa, nani alituma neno kwamba msumeno wenye homa uwashwe tena. Mistari michache tu. Kisha akavuta kile kiti cha plastiki.

"Kaa, Bosi. Soma, kisha uweke sahihi."

Bosi alikaa. Alisoma mpaka mwisho, akarudia. Kalamu ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi. Aliitazama.

"Sisaini," alisema.

Mama yake Kimya alikuwa ameacha ngazi. Alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi, mwanawe nyuma yake ananuka petroli mpaka kwenye nywele. Alipita ndani bila kukaribishwa, akachukua glasi ya maji ambayo mwanawe hakuigusa tangu asubuhi, akaisogeza mbele ya Bosi.

"Msimlazimishe," alimwambia Koplo. "Mwacheni anywe, afikirie. Ana siku nzima."

Kisha akavuta kiti kingine, akakaa kumngoja.